Brekipointi yenye sharti: kwa nini GDB haisimami, na kwa nini kosa linatoweka

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina programu ya C kwenye Linux inayopakia faili lenye rekodi kama milioni 2 kwenye kumbukumbu, kisha inazipitia moja moja. Inaanguka kwa `Segmentation fault` kwenye mstari wa 88 wa soma.c, ambao ni `memcpy(bafa, r->data, r->urefu)`. Nahisi kuna rekodi yenye urefu sifuri, kwa hiyo ndani ya GDB, chombo cha kuchunguza programu inapokimbia, niliweka brekipointi (alama ya kuisimamisha programu mahali fulani) yenye sharti: `break soma.c:88 if r->urefu = 0`. Nikakuta maajabu matatu: GDB haisimami hata mara moja, programu iliyokuwa ikichukua sekunde chache sasa inatambaa, na mwishowe inamaliza salama bila kuanguka. Nje ya GDB inaanguka kila mara. Pia ningependa kujua jinsi ya kuweka sharti kwenye fanksheni ambayo sina msimbo wake, kama `malloc` inayogawa kumbukumbu.

Jibu: Marahaba. Tuanze na mstari wako mwenyewe, maana maajabu mawili kati ya hayo matatu yametokana na alama moja ya `=`.

GDB hulisoma sharti kwa kanuni za lugha ya programu inayochunguzwa. Programu yako ni ya C, basi sharti nalo ni C, na kwenye C `r->urefu = 0` maana yake ni "weka sifuri". Kila kitanzi kilipofika mstari wa 88, GDB iliingia kwenye kumbukumbu ya programu, ikafuta urefu halisi wa rekodi na kuandika 0. Halafu ikatazama jibu la usemi mzima, ambalo ni hiyo hiyo 0, yaani si kweli, ikaendelea bila kusimama. `memcpy` ikaambiwa inakili baiti sifuri, haikunakili kitu, haikuanguka. Rekodi zote zikapita hivyo hivyo. Kama programu inaandika matokeo kwenye faili, lifungue uone kilichomo, nadhani utacheka. GDB haitoi onyo kwa jambo hili, na haina kosa: wako watu wanaotumia tabia hiyo kwa makusudi, kubadilisha thamani huku programu ikikimbia.

Huna haja ya kufuta brekipointi ili kulirekebisha:

```
condition 1 r->urefu == 0
```

Namba 1 utaipata kwa `info breakpoints`, na hapo hapo chini yake utaona sharti limeandikwa baada ya maneno `stop only if`. Lisome kila mara kabla ya `run`. Amri hiyo huonyesha pia brekipointi imegongwa mara ngapi, ila hesabu hiyo inajumlisha tu zile mara ambazo sharti lilikuwa kweli. Ndiyo sababu yako haikuonyesha kitu ilhali mstari ulishapitiwa mara kama milioni 2.

Hata ukisharekebisha, sidhani utanasa chochote. Urefu wa sifuri hauangushi `memcpy`. Mimi nashuku upande mwingine kabisa. Kama `urefu` umetangazwa kuwa `int`, basi thamani ya -1 ikipelekwa kwenye `memcpy` inageuzwa kuwa `size_t`, aina ya namba isiyoweza kuwa hasi, na kwenye mashine ya biti 64 inakuwa 18446744073709551615. Hakuna kumbukumbu ya kutosha duniani kwa nakala hiyo. Na kama juu ya mstari wa 88 umejikinga kwa kuandika `if (r->urefu > 4096) continue;`, -1 inapenya, kwa sababu si kubwa kuliko 4096. Sharti ambalo ningeanza nalo ni hili, ukiweka ukubwa halisi wa bafa yako badala ya wangu:

```
condition 1 r->urefu < 0 || r->urefu > 4096
```

Sasa tuje kwenye kutambaa, maana hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Wengi hudhani sharti linapimwa na prosesa, kwamba programu inakimbia kwa kasi yake na kusimama pale tu sharti linapotimia. Sivyo. Programu inasimama kila mara inapofika pale. Sharti ni swali ambalo GDB inauliza baada ya programu kusimama, kisha inaamua kama ikuamshe wewe au iiachie iendelee. Ni kama mizani ya malori barabarani: anayetafutwa ni yule aliyezidisha uzito, lakini kila lori linaingia foleni kupimwa.

Kinachotokea kwa ndani, kwenye prosesa za x86, ni hiki. Unapoweka brekipointi ya kawaida, GDB inaiondoa baiti ya kwanza ya agizo lililopo kwenye anwani ile na kuweka baiti `0xCC` mahali pake, ambayo ni agizo la `int3`. Prosesa ikilifikia inazua mtego, keneli inaugeuza kuwa ishara ya `SIGTRAP`, programu inagandishwa, na GDB inaarifiwa kupitia `ptrace`, mwito wa mfumo wa kuchunguza programu nyingine. GDB inasoma rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), inatafuta `r` iko wapi kwa wakati huo, inasoma kumbukumbu, inakokotoa sharti. Likiwa si kweli, kazi haijaisha: inarudisha baiti ya asili, inaitembeza programu agizo moja tu, inaiweka tena `0xCC`, ndipo inaiachia. Yote hayo ni miito kadhaa ya mfumo na kubadilishana prosesa kati ya programu mbili, kwa ajili ya mzunguko mmoja wa kitanzi ambao peke yake ungechukua nanosekunde chache. Tukadirie kwamba brekipointi ikigongwa mara moja inakula mikrosekunde 100. Mara milioni 2, ni sekunde 200 za kuuliza maswali ambayo jibu lake ni hapana. Kukiwa na msimbo wa Python ndani ya sharti, ongeza zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sharti lolote, jiulize mstari ule unapitiwa mara ngapi. Mara mia tano, andika tu, hutahisi kitu. Mara milioni, tafuta pengine pa kuulizia swali lako.

Na kwa tatizo lako, pengine hapo pako karibu sana. Futa brekipointi zote kwa `delete`, andika `run`, uiache programu ianguke ndani ya GDB. Haitambai, kwa sababu hakuna mtego wowote njiani. Ikishaanguka:

```
bt
up
print i
print *r
```

`bt` itakuonyesha umo ndani ya `memcpy` ya maktaba, pengine kwa jina refu la ajabu kama `__memmove_avx_unaligned_erms`. Usilishughulikie. `up` inakurudisha kwenye fremu ya msimbo wako (yaani fanksheni yako iliyoita `memcpy`), mstari wa 88, na pale `i`, nikidhani ndicho kihesabio cha kitanzi chako, inakwambia ni rekodi namba ngapi. Tuseme imetoka 1740211. Umeipata bila sharti lolote. Nashangazwa na idadi ya watu wanaohangaika na brekipointi kumtafuta mhalifu aliyekwisha kuanguka mbele yao na kitambulisho mfukoni.

Baada ya hapo swali linabadilika: je, urefu mbovu umetoka kwenye faili, au ulikuwa mzima ukaharibiwa baadaye? Weka brekipointi isiyo na sharti mara tu baada ya kupakia faili, kabla kitanzi hakijaanza. Mstari huo unapitiwa mara moja tu. Ukisimama pale, andika `print rekodi[1740211].urefu`, ukiweka jina halisi la safu yako badala ya `rekodi`. Ikiwa tayari ni mbovu, kosa liko kwenye faili au kwenye msimbo wa kupakia, na kazi ya GDB imekaribia kuisha. Ikiwa nzima, andika:

```
watch -l rekodi[1740211].urefu
continue
```

Hii ni wochipointi, na hapa ndipo prosesa yenyewe inakufanyia kazi ya ulinzi. Tangu 80386 ya mwaka 1985, prosesa za x86 zina rejista za uchunguzi: DR0 hadi DR3 zinashika anwani nne, DR7 inasema kila moja ilindwe namna gani. Programu inakimbia kwa kasi yake kamili hadi mtu aguse anwani ile. Hiyo `-l` inaiambia GDB ikokotoe anwani sasa hivi na kuilinda hiyo, badala ya kuendelea kufuatilia usemi wenyewe. Bila hiyo, ukilinda kigeu cha ndani ya fanksheni, wochipointi inafutika fanksheni ikirudi.

Angalia sana jibu ambalo GDB inakupa. Likianza na `Hardware watchpoint`, uko salama. Likiwa `Watchpoint` tupu, maana yake kwa kawaida unachotaka kulindwa ni kikubwa mno, mathalani strakti nzima, kwani kila rejista inalinda baiti 8 kwa wingi. Hapo GDB itaitembeza programu agizo moja moja na kulinganisha thamani kila hatua, na hiyo ni polepole mara mia kadhaa kuliko kawaida. Ghairi, ulinde kipande kidogo.

Mtu akiandika pale, utaona `Old value` na `New value`, na mstari uliofanya uharibifu. Kwenye x86 mtego unatokea baada ya agizo kukamilika, hivyo mshale unaweza kuwa kwenye mstari unaofuata. Mwenye kosa ni wa nyuma yake. Kama sehemu ile huandikwa mara nyingi kihalali, sasa sharti lina faida yake: `watch -l rekodi[1740211].urefu if rekodi[1740211].urefu < 0`. Swali ni lile lile, ila linaulizwa mara chache.

Kwa ulichotaka kufanya mwanzoni, yaani kusimama kwenye rekodi mbovu katikati ya kitanzi cha mizunguko milioni 2 kabla haijaangusha kitu, ningeliweka sharti ndani ya programu yenyewe, juu ya mstari wa 88:

```c
#include <signal.h>
...
if (r->urefu < 0 || r->urefu > 4096)
    raise(SIGTRAP);
```

Sasa anayeuliza ni prosesa, kwa maagizo mawili matatu. Ndani ya GDB itasimama kama brekipointi ya kawaida, utaandika `up` mara chache hadi kwenye fremu yako, na `continue` itaendelea vizuri. Wengine hutumia `__builtin_trap()`. Kwenye x86 hiyo hutoa agizo la `ud2` na ishara ya `SIGILL`, ambapo kuendelea ni shida, kwa hiyo kwa kazi hii sipendi kuitumia. Kumbuka kuufuta mstari huo kabla ya kukabidhi kazi, kwa sababu nje ya GDB `SIGTRAP` inaiua programu.

Kuna mbinu inayotajwa sana ya `ignore 1 3000000`, ambapo unairuhusu brekipointi ipitwe hata mara milioni 3, programu ianguke, kisha usome kwenye `info breakpoints` imepitwa mara ngapi na kurudia ukitoa moja. Ni nzuri pale ambapo hakuna kigeu cha kuhesabia. Ila usidanganyike kwamba inakwepa foleni: hesabu hiyo inafanywa na GDB, programu inasimama kila mara vile vile. Na kama Linux yako iko kwenye mashine halisi, jaribu pia rr, chombo kilichoanzia Mozilla. Unarekodi kuanguka mara moja, kisha unarudi nyuma kwa `watch -l` na `reverse-continue` hadi kwa aliyeandika thamani mbovu. Kwenye mashine pepe mara nyingi hukwama, kwa kuwa inahitaji vihesabio vya ndani vya prosesa.

Haya, `malloc`. Bila msimbo hakuna majina ya vigeu, lakini hoja lazima zipite mahali fulani, na mahali hapo pamepangwa na utaratibu wa miito. Kwenye Linux ya x86 ya biti 64, hoja sita za kwanza za namba na pointa hupita kwenye rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, kwa mpangilio huo. Kwenye Windows ni rcx, rdx, r8, r9. Kwenye ARM ya biti 64 ni x0 hadi x7. Kwa hiyo, anza na `start` ili maktaba zipakiwe, kisha:

```
break *malloc if (unsigned long)$rdi > 1048576
```

Nyota kabla ya jina si pambo. Bila nyota, GDB hujaribu kuruka maagizo ya utangulizi ya fanksheni na kusimama mbele kidogo, na huko rejista au staki inaweza kuwa imekwisha kusogea. Kwa nyota unasimama kwenye agizo la kwanza kabisa, hoja zikiwa bado mahali pake.

Kile `(unsigned long)` nacho usikiache. GDB huichukulia `$rdi` kuwa namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi. Mtu akiomba `malloc(-1)` kwa bahati mbaya, kosa lile lile la ndugu yake wa mstari wa 88, GDB itaona -1, italinganisha na 1048576, itasema si kubwa, itampitisha. Ungekuwa unatafuta maombi makubwa kupita kiasi na ungeyakosa makubwa kuliko yote. Mtego wa aina hiyo upo pia kwenye majibu ya fanksheni. Fanksheni ya `int` ikirudisha -1, kwa kawaida eax, yaani nusu ya chini ya rax, inakuwa `0xffffffff` na nusu ya juu ya rax inakuwa sifuri. Hivyo `$rax == -1` si kweli, `$eax == -1` ni kweli. Chagua rejista yenye upana wa aina inayorudishwa.

Kwa stringi, usiandike `strcmp` ndani ya sharti. GDB itailazimisha programu yako iiendeshe fanksheni hiyo kila inaposimama, na fanksheni yoyote inayoendeshwa hivyo inaweza kugusa hali ya programu au, ikiwa inatumia kufuli, kukwama milele. Kuna `$_streq`, inayolinganisha upande wa GDB wenyewe, mradi GDB yako imejengwa ikiwa na Python:

```
break *fopen if $_streq((char *)$rdi, "data.bin")
```

Kuhusu pointa: sharti la `r->urefu < 0` likikutana na `r` iliyo tupu, GDB inashindwa kulikokotoa, na ikishindwa inasimama na kulalamika kwamba haiwezi kusoma kumbukumbu kwenye anwani ya sifuri au iliyo karibu nayo. Andika `r != 0 && r->urefu < 0`. Alama ya `&&` inakatiza mapema kama ilivyo kwenye C.

Na ukikutana na `<optimized out>`, kompaila ndiyo imekificha kigeu. Jenga upya kwa `-g -Og`, ambayo inapunguza uboreshaji wa kompaila kuliko `-O2`. Kosa likitoweka kwa `-Og` na kurudi kwa `-O2`, jambo linalotokea, basi baki na `-O2`, tazama `disassemble /s` uone `i` imehifadhiwa kwenye rejista gani karibu na mstari huo, na uweke sharti kwenye rejista hiyo kwa anwani kamili ya agizo, mfano `break *0x5555555551c9 if $ebx == 1740211`. GDB huzima upangaji nasibu wa anwani kwenye Linux isipoambiwa vingine, hivyo anwani hiyo itabaki ile ile ukianza upya, hadi utakapojenga programu tena.

Kama siku moja utahamia kwenye vichipu vidogo, hesabu inabana zaidi. Programu ikiwa kwenye kumbukumbu ya fleshi, kuandika baiti ya mtego juu yake si jambo la mara moja, kwa hiyo hutumika brekipointi za maunzi: prosesa za ARM za Cortex-M3 na M4 kwa kawaida zina 6 za maagizo na wochipointi 4, Cortex-M0 isizidi 4 na 2. Sharti huko linapimwa na GDB iliyo upande wa pili wa waya wa uchunguzi, huku chipu nzima imesimama. Kama inaendesha mota, mota hiyo haina mtu wa kuisimamia kwa muda wote huo. Huko sharti ndani ya msimbo ndilo la kwanza kufikiria.

Rudi sasa kwenye rekodi yako. Ukishafika kwenye `print *r`, andika pia `print/x r->urefu` na uniandikie thamani inayotoka. Ikiwa `0xffffffff`, tuangalie msimbo wa kupakia. Ikiwa kitu kama `0x616d756a`, soma baiti zake kutoka kulia kwenda kushoto kama herufi: 6a, 75, 6d, 61, yaani "juma". Hapo tafuta sehemu ya jina iliyo jirani na `urefu` ndani ya strakti, na mahali unapoijaza kwa `strcpy`.